Barua ya wazi: mwanangu hakukosea aliposema "ndia"

Likoni, Mombasa

Kwa Waheshimiwa wakuu wa afya ya mtoto na wa elimu ya awali, ya msingi na maalumu, katika serikali ya kitaifa na katika kaunti za Pwani. Na kwa vyuo na kamati za maadili zinazoidhinisha utafiti juu ya watoto wetu.

Assalaam aleikum, na kwa wasioamkiana hivyo, hamjambo.

YAH: KUPIMWA USEMI WA WATOTO KWA LUGHA ISIYO YAO

Mimi ni mama wa watoto wanne na kazi yangu ni ushoni. Mtoto wangu wa tatu ana miaka saba. Tangu alipokuwa na mitatu nimehangaika na usemi wake, na kwa miaka miwili sasa nimehangaika na nyinyi. Nimeandika barua tatu. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono, na nakala yangu ina muhuri wa kupokewa. Ya pili niliambiwa nimekosea ofisi. Ya tatu sijui iliishia wapi. Mara mbili nimekaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri nikaambiwa mkubwa yuko mkutanoni. Ofisi hizo sizitaji, wala kliniki nitakayoisimulia hapa siitaji, kwa kuwa sitafuti mtu afutwe kazi. Naandika hadharani kwa sababu faraghani nimenyamaziwa.

Nianze na siku ya kipimo. Tulipanda basi la usiku hadi Nairobi, mimi na yeye, na mkobani mna Sh12,000 za kupimwa, pesa za magauni ya harusi niliyoshona mwezi mzima. Mezani palikuwa na kitabu cha picha. Binti aliyempima alikuwa mpole, na kwa hilo namshukuru. Picha ya kwanza ilikuwa paka, akasema paka. Ya tano au ya sita ilikuwa glavu za sufu, zile za watu wa nchi za baridi. Mwanangu akaitazama, akageuka akanitazama mimi, kisha akasema, "Soksi mkono." Ikaandikwa kosa. Nilicheka kimoyomoyo, maana kwa mtoto wa Likoni ambaye baridi anaijua kwa barafu ya mfukoni tu, jibu lile lilikuwa na akili kuliko swali.

Ikaja picha ya barabara. "Ndia," akasema. Kosa jingine, na pembeni pakaandikwa kwamba hawezi kutamka j. Waheshimiwa, nyumbani kwetu sote twasema ndia. Babu yake asema ndia kwa njia, asema mato kwa macho, na akimwita asema ndoo hapa, yaani njoo. Hicho ni Kimvita, Kiswahili cha kwetu, na Mombasa kimesemwa tangu kabla ya ofisi zenu kujengwa. J anaiweza: dakika chache baadaye alitaja Ijumaa, akaitamka sawasawa, na hakuna aliyeandika.

Kilichompita yule binti ni hiki. Mtoto alionyeshwa kiti kilichovunjika mguu, akasema, "Kiti imevunjika." Viti viwili: "Viti imevunjika." Mti ulioangushwa na upepo: "Mti imevunjika." Kwa masikio ya Nairobi hapo hapana cha kushangaza, wengi wazima husema hivyo hivyo na maisha yanaendelea. Mtaani kwetu mtoto wa miaka mitatu husema kiti kimevunjika, viti vimevunjika, mti umevunjika, na akikosea wenzake humcheka. Wangu alikuwa na sita, na ile i ndiyo aliyokuwa akiibandika kila mahali. Akitaka kuniambia babu ametoka kwenda sokoni, husema, "Babu toka, babu soko." Akisimulia kisa, hata mimi niliyemzaa hunibidi kuulizia mara tatu nani alimpiga nani. Masikio yake yalipimwa mapema, yako sawa. Akili anayo: cherehani yangu huitia uzi upesi kuliko dada zake. Shida iko katika kuyafunga maneno pamoja. Alichokosea hakikuonekana, na alichopatia kikaandikwa kosa. Karatasi ile ninayo hadi leo.

Baada ya hapo nikaanza kusoma na kuulizia, usiku, kazi ikiisha. Nikajua kwamba hali hii ina jina kwa wataalamu, tatizo la ukuaji wa lugha, na kwamba jina hilo walikubaliana juu yake kati ya 2016 na 2017, katika juhudi iliyoongozwa na Dorothy Bishop wa Uingereza. Halitokani na uziwi, wala malezi mabaya, wala ulimi mzito. (Ulimi! Watu wawili wazima wamenishauri nimkate ule ukamba wa chini ya ulimi. Mtoto anayelamba aiskrimu hadi puani ana ukamba gani wa kukatwa?) Baada ya kusoma ndipo nikaona mahali penyewe tunapoumizwa, na malalamiko yangu ni haya.

1. Katika kliniki nne tulizopita sikuona kipimo hata kimoja kilichotungwa kwa Kiswahili. Nilichoona ni vipimo vya Kiingereza vinavyofasiriwa papo hapo kinywani mwa mpimaji.

Kufasiri hakutoshi. Mtoto wa Kiingereza akitaka kusema vitu vingi hubandika s mwishoni mwa neno, na vipimo vyao huiwinda hiyo s, pamoja na vile vijimkia vya wakati uliopita. Kiswahili kazi yake kubwa hufanyia mbele ya neno. Kiti, viti, mti, miti, na kitenzi nacho hufuata. Chukueni neno moja tu, "hawakuniletea". Humo mna kukana, mna wao, mna wakati, mna mimi niliyenyimwa, na ndipo ije ile kuleta yenyewe. Mwanangu huangukia humo, na kipimo kilichotungwa kwa lugha nyingine hakina jicho la kuchungulia humo.

Elimu ya kuanzia ipo. Katherine Demuth alifanya utafiti na watoto wa Lesotho miaka ya 1980, na kazi yake juu ya Kisotho, ndugu wa Kiswahili, ilionyesha kwamba ngeli na upatanisho wake hukaa vinywani mwa watoto mapema, yapata miaka mitatu. Kamil Deen aliwafuatilia watoto wa Nairobi wanaokua na Kiswahili, akachapisha matokeo mwaka 2005, akaonyesha kwamba mtoto mdogo huanza kwa kuviacha viambishi vya nafsi na vya wakati, na huviacha kwa utaratibu, si ovyo. Watoto aliowafuatilia walikuwa wanne. Wanne, kwa lugha inayosemwa na mamilioni! Wala si sisi tu: mwaka 2022 Evan Kidd na Rowena Garcia walipitia makala za miaka kama 45 katika majarida manne makubwa ya fani hii, wakakuta lugha 103 tu, kama asilimia 1.5 ya lugha za dunia, na Kiingereza kikiwa kimekalia sehemu kubwa.

Basi nikimuuliza mpimaji, mtoto wa Kiswahili wa miaka minne atakiwa awe na nini kinywani, hana jedwali la kunijibu. Wa miaka mitano je? R humkalia lini, na huyu anayesema "lafiki" asubiriwe hadi lini kabla mama hajaanza kuhangaika? Anakisia, na kisio lake huingia kwenye faili likaitwa matokeo.

Na si watoto wachache. Uchunguzi wa Iowa, Marekani, uliochapishwa 1997, na wa Surrey, Uingereza, wa 2016, yote miwili ilikuta watoto kama 7 kati ya kila 100 wanaoanza shule wana tatizo hili. Darasa la mwanangu lina watoto 58. Kama hesabu ya kwetu ni kama ya kwao, mle ndani wako wanne. Mimi namjua mmoja. Hao watatu nadhani huitwa wazembe.

2. Kazi iliyofanyika hapa hapa Pwani haijatufikia kliniki.

Mwaka 2015 Katie Alcock na wenzake, wakiwemo watafiti wa Kenya, walichapisha kazi ya Kilifi ambayo niliposomewa nilitokwa na machozi. Ni orodha ya maneno, mzazi aulizwa mtoto wake anaelewa yapi na anasema yapi. Asili yake ni Marekani, na kule mzazi hupewa karatasi akajaza. Kilifi waliitengeneza upya kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, na kwa kuwa wazazi wengi hawakujua kusoma, wakakaa nao wakawauliza kwa mdomo. Wakaona mama asiyejua kusoma anaweza kueleza usemi wa mwanawe na akaaminika. Kutoka Likoni hadi Kilifi ni safari ya asubuhi moja. Hata hivyo, katika kliniki zote nilizompeleka mwanangu akiwa mdogo, hakuna muuguzi aliyeniuliza hata neno moja. Alipimwa kilo, akapimwa urefu, akachomwa chanjo. Kijitabu changu cha mama na mtoto kilikuwa na mstari mmoja wa kuongea, na ukatiwa tiki bila mtu kumgeukia mtoto.

Kilifi hiyo hiyo ndiko Julie Carter, Charles Newton na wenzao walikoonyesha, yapata miaka ishirini iliyopita, kwamba mtoto aliyenusurika malaria kali yuko katika hatari kubwa zaidi ya kubaki na shida ya lugha miaka kadhaa baadaye. Nimewauliza majirani watano ambao watoto wao walilazwa kwa malaria iliyopanda kichwani. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa siku ya kutoka wodini: mtazame na usemi wake.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Hapa mtaani, na si Kilifi, mtoto wa jirani yangu alirekodiwa sauti kwa miezi kadhaa na mradi ambao siutaji. Mama mtu alipewa leso na sabuni, akatia kidole gumba kwenye fomu. Mpaka leo tukikutana kisimani huniuliza, "Mamaa, walisemaje kuhusu mwanangu?" Aniuliza mimi, kwa kuwa hana mwingine wa kumuuliza. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba, katika toleo lake la 2013, lasema wanaoshiriki utafiti wa tiba wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo yake ya jumla. Kamati za maadili, nyinyi hutia sahihi kabla utafiti haujaanza. Ukiisha, nani hurudi kukagua?

3. Tunaamriwa tuache lugha za nyumbani. Kliniki mbili na shule moja zimeniambia maneno yale yale: "Mnamchanganya mtoto, msemesheni Kiingereza peke yake." Mama yangu ni Mgiriama. Kwa miezi minne alinyamaza mbele ya mjukuu wake kwa kuogopa kumharibu. Ampa chakula kimya, amwogesha kimya. Mimi nami nikawa namsemesha mwanangu Kiingereza cha kuokoteza sokoni, ambacho hata mwenyewe hakinitoshi kumtuliza akilia. Kumbe mwaka 2003 Johanne Paradis na wenzake walikwisha kuchapisha uchunguzi wa watoto wa Kanada wenye tatizo hili wanaosema Kifaransa na Kiingereza, wakaona hawakuzidiwa na wenzao wenye tatizo lile lile na lugha moja tu. Wingi wa lugha haukuleta shida hii, na kuziondoa hakuiponyi. Kilichoondoka kwetu ni sauti ya bibi. Tumeirudisha kwa amri yangu mwenyewe, bila kibali cha mtu.

4. Tunarushwa kama mpira. Katiba ya 2010 imeweka chekechea na zahanati chini ya kaunti, na shule ya msingi chini ya serikali ya kitaifa. Mtoto akitoka huku kuingia kule, faili lake halivuki. Mimi nimeanza upya mara mbili, kana kwamba mwanangu amezaliwa upya.

Najua mtakayosema, kwa kuwa mengine nimeshaambiwa mlangoni.

Mtasema ataongea tu, wavulana huchelewa. Hata bibi zetu husema, na mara nyingi husema kweli: watoto wengi wanaochelewa kuanza kuongea huja wakawafikia wenzao wenyewe. Lakini shida ambayo bado ipo mtoto akiwa na miaka mitano kwa kawaida haiondoki kwa kusubiriwa. Ndiyo maana twahitaji kipimo, kitutenganishie yule wa kungojea na yule wa kusaidiwa leo.

Mtasema hakuna wataalamu. Makerere, hapo jirani Uganda, ilianza shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008. Isitoshe, kumuuliza mama maneno ishirini hakutaki shahada. Muuguzi anayemuuliza mtoto anaharisha mara ngapi aweza kumuuliza na hili.

Mtasema fedha. Sawa. Mimi nimetoa Sh12,000 nikapata karatasi ya uongo, na nawajua akina mama wengine waliotoa. Fedha zinatoka, ila zinatoka mifukoni mwetu na haziachi kitu nyuma.

Mtasema Kiswahili ni kingi, kipimo kitungwe kwa kipi, cha Mombasa, cha Lamu au cha Nairobi? Hili ndilo jibu pekee lenye uzito, na ndilo linalonipa haki ya kudai utafiti. Mtoto apimwe kwa kulinganishwa na wanaokua pamoja naye. Wa Nairobi asikosolewe kwa "kiti imevunjika", wa kwangu asikosolewe kwa "ndia". Kuyajua hayo hakuji kwa kukaa ofisini, sharti watu washuke mitaani na vinasa sauti, wawasikilize watoto wengi, na wasiishie wanne.

Na tafadhali msiseme kwamba sisi wazazi wa Pwani huwaficha watoto kwa kuamini wamerogwa. Wako wanaoamini, sikatai. Mimi nilipanda basi.

Ninachoomba ni haya. Kwanza, wakuu wa afya wa kaunti waingize maswali ya usemi, kwa Kiswahili na kwa lugha za hapa, katika kliniki za watoto, wakianzia na kazi ya Kilifi ambayo imekwisha kufanywa. Orodha ile ni ya watoto wadogo wa chini ya miaka mitatu, haitoshi kwa mwanangu, lakini ingewafaa wadogo zake. Pili, vyuo na serikali ya kitaifa watunge kipimo cha Kiswahili cha watoto wa miaka mitatu hadi minane, kilichojaribiwa Mombasa, Lamu, Kilifi, Nairobi na bara, kisha kiwe mali ya umma, kisifungiwe kwenye kabati la mradi wala kuuzwa kwa bei ya kitabu cha kigeni. Tatu, kamati za maadili zisifunge faili la utafiti wowote wa watoto kabla ya kuona ushahidi kwamba wazazi wamesomewa matokeo kwa lugha wanayoielewa. Nne, itoke waraka kwa kliniki na shule kwamba hakuna mzazi wa kuambiwa aache lugha yake. Hili la nne halina gharama yoyote isipokuwa karatasi na wino.

Na kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayozipa ofisi za umma siku 21 za kujibu, nauliza kama raia: mnatumia vipimo gani vya usemi kwa watoto wanaosema Kiswahili, na viwango vyake vilipatikana kwa watoto wa wapi? Muhuri wa barua yangu ya kwanza mnao. Nahesabu upya kuanzia leo.

Mkituma mtu, aje mchana, niko kwenye cherehani. Na aje na picha za vitu vya huku: mbuzi, mkokoteni, feri, mwiko, mnazi. Mwanangu amekwisha kuniuliza lini twenda tena kwa "dada picha". Ile ya soksi mkono aliipenda.

Wasalaam,

Mama wa watoto wanne, mshonaji,
Likoni, Mombasa

Nakala: walimu wa chekechea na wa madrasa wa mtaani kwetu, jirani yangu wa kisimani, nitakayemsomea mwenyewe.